Uzi wa Dirisha Namba Tatu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, pazia la dirisha namba tatu litateremshwa, na mtu aliyekaa nyuma yake kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne atavaa koti lake, atasahau kalamu yake, na kwenda nyumbani. Kalamu tutampelekea. Anastaafu kwa heshima zote, akiwa na afya njema, meno yote isipokuwa mawili, na faili la utumishi lisilo na barua hata moja ya onyo.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa dirisha namba mbili, ubavuni pake, kwa miaka kumi na tisa. Wameniomba niwe na adabu na niwe mfupi. Adabu nitajitahidi. Ila niseme mapema kwamba humu ndani mna jambo moja ambalo mstaafu wetu aliniapisha nisimwambie mtu, na leo nalisema mchana kweupe, tena kwa ruhusa. Ruhusa yenyewe haikutoka kwake. Ilikotoka mtaona mkifika mwisho, kwa hiyo naomba asiwepo wa kurukia ukurasa wa nyuma, hasa yeye.

Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa na mkurugenzi, na wengi wenu mtalisikia kwa mara ya kwanza. Hapa ofisini kila mtu, kuanzia mlinzi wa mlangoni, humwita Bwana Uzi. Alianza kazi akiwa kijana mwembamba, tarishi wa kupeleka tiketi za ndege kwa miguu kwenye ofisi za wateja, enzi zile tiketi zilikuwa vijitabu vya karatasi vinavyochafua vidole. Mpaka leo anajua ni hatua ngapi kutoka mlango wetu hadi posta. Ni mia nane na kumi na mbili, ukipita upande wa kivuli. Baada ya miaka miwili wakubwa waliona ana mwandiko mzuri na subira, wakamkalisha dirisha namba tatu, na hapo ndipo alipoota mizizi.

Juu ya kabati la mafaili palikuwa na tufe la dunia, zawadi ya shirika moja la ndege ambalo siku hizi halipo tena. Rangi ya bahari ilikuwa imechubuka, na mhimili wake ulilia kila lilipozungushwa. Hakuna aliyeligusa ila mfagiaji. Katika mwaka wake wa tatu, akaja mama mmoja muuza vyombo ambaye mwanawe alikuwa amekwenda masomoni. Hakuja kununua kitu. Alitaka tu kujua mtoto yuko mbali kiasi gani. Bwana Uzi akafungua kitabu cha masafa, akamwambia kilomita elfu tisa na mia mbili. Mama akashukuru, lakini hakuondoka. Alibaki amesimama, mkoba kaukumbatia kifuani. Ile namba haikumwambia chochote.

Asubuhi ile kifungo cha shati la Bwana Uzi kilikuwa kinaning'inia, na mkewe alikuwa amemtilia mfukoni uzi mweupe na sindano akakishone kazini. Sijui ni wazo gani lilimpitia. Aliteremsha tufe, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akampa yule mama ncha ya uzi na kumwonyesha aikandamize kwa kidole palipo mji wetu. "Shika hapa kwetu, usiachie," alimwambia. Kisha akauvuta uzi taratibu, ukapita juu ya milima, ukavuka bahari, ukagusa mji wa mwanawe. Mama akautazama ule uzi, akavitazama vidole viwili, chake na cha karani, akasema kumbe ni watu wawili tu wameshika kitu kimoja. Bwana Uzi akaukata uzi pale pale, akampa aende nao. Kifungo kilirudi nyumbani kikiwa bado kinaning'inia.

Habari haina miguu lakini hutembea. Mwezi haukuisha, watu wakaanza kuja kuulizia dirisha la uzi. Walikuja wenye ndugu walioolewa ng'ambo, wenye waume melini, wenye wadogo zao waliokwenda kutafuta maisha. Wengine walinunua tiketi, wengine hawakuwa na hata nauli ya kurudi kwao. Wote aliwapimia. Nimewahi kuona nyuzi hizo zimefungwa kwenye funguo, zimewekwa ndani ya vitabu vya dua, na moja imeshonewa kwenye ukosi wa koti la mwashi ambaye kaka yake alikwenda na hakuwahi kurudi.

Nilipoletwa hapa nikiwa mgeni niliona ni upuuzi, na nilisema hivyo, tena kwa sauti, maana mimi sina kifua. Lakini hebu ukae dirisha namba mbili saa nane mchana, foleni imekwisha, feni inazunguka polepole, na jua linaingia kupitia vioo vya magharibi na kujinyoosha sakafuni. Tufe linalia. Mteja ameshika kwetu. Bwana Uzi anauvuta uzi huku anasimulia kwa sauti ya chini, kama anayesoma kitu kilichoandikwa juu yake. Hapa watakuwa wamekwisha kula na taa zimepunguzwa. Hapa chini ni jangwa, ukitazama utaona taa moja tu, na utajiuliza ni ya nani na kwa nini hajalala. Hapa ni barafu, weupe mtupu usio na nyayo. Hapa jua litachomoza upande usioutarajia. Mtu anayelala kinywa wazi, alikuwa akisema, anavuka nchi tatu bila kubisha hodi, na hakuna anayemchukia.

Niliacha kugonga mihuri ili nisikilize. Kuna siku nilimtilia mteja tarehe ya mwaka uliopita kwenye tiketi, kwa sababu mwili ulikuwa dirishani na mwenyewe nilikuwa juu ya barafu. Barua ya onyo nilipata mimi.

Msidhani alikuwa mwotaji tu. Alikuwa mkali wa vipimo kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Aliwafundisha kazi watu kumi na mmoja, mimi nikiwa wa nane, na somo lake la kwanza kwa kila mmoja lilikuwa kwamba mteja akiuliza umbali usimjibu "mbali". Mbali si kipimo, alitwambia. Mbali ni woga. Mpe namba, na namba ikimshinda mpe uzi.

Mwalimu mmoja wa jiografia alipata kuja hapa na ubishi wake. Alionyesha ramani ya ukutani, akasema ndege hukata moja kwa moja juu ya bahari, kwa hiyo habari za barafu ni hadithi za kuwaburudisha akina mama. Bwana Uzi hakubishana. Alimpa uzi, akamwambia aukaze kwenye tufe kwa mikono yake mwenyewe. Mwalimu akaukaza kati ya miji miwili ya mbali, na uzi, ulipokazika sawasawa, ukaacha bahari na kupanda wenyewe kaskazini, ukapita juu ya barafu kama ulivyosemwa. Ramani ni dunia iliyopigwa pasi, akaelezwa, na kitu kikipigwa pasi hutanuka pembeni. Mwalimu akasema ana wanafunzi aliowafundisha kwa miaka ishirini wa kuwaomba radhi.

Halafu zikaja kompyuta. Meneja tuliyekuwa naye wakati huo, kijana msafi wa viatu vya kung'aa, aliagiza tufe lipelekwe stoo kwa kuwa skrini inatoa umbali kwa kubonyeza mara moja. Bwana Uzi alilibeba mwenyewe, hakunung'unika. Siku ya tisa akaingia mzazi wa yule meneja, mama mtu mzima na fimbo yake, kuulizia binti yake aliyeolewa huko duniani. Meneja kwa heshima akamkalisha, akabonyeza, akamsomea namba. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, je, kwa uzi ni kiasi gani? Tulimwona meneja akishuka ngazi za stoo, na tulimwona akipanda, tufe mikononi, analifuta kwa leso yake ya mfukoni. Halijarudi stoo tena.

Sasa nifike kwenye lile nililoapishwa.

Kinyozi hajinyoi. Mtu huyu aliyeuza safari kwa miaka thelathini na mmoja hajawahi kupanda ndege. Kila mfanyakazi hapa, akishatimiza miaka kumi, hupewa tiketi mbili kila baada ya miaka mitatu, aende anakotaka na mwenzake. Zake za mwanzo zilipita binti yake akiwa bado shuleni, hakuna aliyeshangaa. Lakini binti huyo, mtoto wao wa pekee, ni muuguzi, na miaka tisa iliyopita alipata kazi katika mji ulioko upande wa pili wa tufe. Huko akaolewa, huko akazaa msichana ambaye sasa ana miaka sita. Tangu binti aondoke tiketi za Bwana Uzi zimetoka mara tatu, na mara tatu zimeisha muda wake ndani ya droo. Kila nilipomuuliza alijibu mwakani.

Mkewe ni fundi wa kushona, na sisi tunamwita hivyo hivyo, Fundi. Kila mwaka humshonea mjukuu gauni la siku ya kuzaliwa. Vipimo husomwa kwenye simu. Binti anampima mtoto kule, anataja mabega, kiuno, urefu, na Fundi anaandika kwa chaki ukutani, kisha anaongeza kidogo kwa sababu mtoto atakua wakati gauni liko njiani. Magauni sita yamekwenda hivyo. Fundi aliyewashonea nusu ya mabibi harusi wa mji huu hajawahi hata mara moja kuuzungusha utepe wake kwenye kiuno cha mjukuu wake.

Miaka miwili iliyopita, tiketi zilipoisha muda kwa mara ya tatu, uvumilivu ulinishinda. Tulikuwa kwenye benchi la uani tunakunywa chai. Nilimsema, na nikimsema mtu husemeka. Nilimwambia ni aibu kuwapimia walimwengu wote njia na kumfungia mkewe ya kwake. Alimaliza kikombe chake. Ndipo akaniambia kwamba katika maisha yake yote ya kupima alidanganya mara moja, na alimdanganya mkewe.

Binti aliondoka siku ya Jumatatu. Fundi akakaa mbele ya cherehani, miguu juu ya pedali, asiikanyage. Hakula siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu. Siku ya tatu akamwambia mumewe ampimie na yeye, kama anavyowapimia wengine. Bwana Uzi akaja kazini, akateremsha tufe, akapima kwa haki. Kilomita elfu kumi na moja na mia nne. Saa kumi na nne za kukaa hewani. Akauinua ule uzi, ukaning'inia kutoka mkononi, akauona ulivyo mrefu, akamfikiria mkewe akiupokea. Akaukunja mara mbili. Akaukata kwenye kunjo.

Nusu akaipeleka nyumbani. Akamwambia ni kilomita elfu tano na mia saba, saa saba tu, ukisinzia na kuzinduka umefika. Fundi akaupokea, akaupitisha vidoleni, akaufunga kwenye shingo ya cherehani. Kisha akaenda jikoni, akapakua, akala. Bwana Uzi aliniambia kwamba lau asingekula, pengine kesho yake angemwambia kweli. Lakini alikula, na mtu aliyemwona mkewe anakula baada ya siku tatu hana ujasiri wa kumwondolea sahani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa fupi kwa kilomita elfu tano na mia saba kamili.

Ndipo nikaelewa mengi. Nikaelewa kwa nini kila Desemba sisi tukigombania kalenda za ofisi zenye ramani ya dunia, yeye huchukua ya duka la viatu lililo chini yetu, yenye picha za maua. Nikaelewa kwa nini alimwomba binti yake asitaje habari za saa. Lakini saa hazifichiki. Siku moja Fundi alipiga simu jioni akasikia kule ndiyo kwanza wanaamka, akamuuliza mumewe imekuwaje kwa safari ya saa saba. Bwana Uzi, mpima umbali, mwalimu wa watu kumi na mmoja, alimjibu kwamba kule jua huchelewa. Fundi akasema haya.

Na nikaelewa habari ya zile tiketi. Ndani ya ndege hakuna pa kujificha. Fundi ni mtu wa kuhesabu, aliniambia, hata mishono ya pindo huihesabu. Saa ya saba ikipita na ndege haishuki, atamgeukia. Hatasema kitu. Atamtazama tu, kwa saa saba zilizobaki, juu ya barafu yote ile.

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia, na kisha sikucheka tena, kwa sababu mwenzangu macho yalikuwa yamemjaa machozi. Kilichomuuma si ule uongo. Kilichomuuma ni kwamba kwa kumpunguzia mkewe njia alikuwa ameifunga kabisa. Mjukuu anakua, magauni yanaongezeka urefu, na yeye kila mwaka anasema mwakani. Nilimshauri aseme. Akaniapisha nisiseme. Nikaapa, na kwa mtu asiye na kifua kama mimi, miaka miwili ile ilikuwa mirefu kuliko uzi wowote.

Miaka yote hii Fundi amefika hapa ofisini mara mbili tu. Ya kwanza ilikuwa wiki ile ile binti alipoondoka. Alileta miwani ambayo mumewe aliisahau nyumbani, na mumewe alikuwa ametoka kwenda benki. Namkumbuka vizuri. Nilimsalimia, nikaendelea kugonga mihuri yangu, naye akasimama kidogo karibu na kabati, akaondoka.

Ya pili ilikuwa wiki tatu zilizopita. Bwana Uzi alikuwa amekwenda kusaini karatasi za mafao. Fundi aliingia na mkoba wake, akaja moja kwa moja dirishani kwangu, akaweka juu ya meza uzi mfupi uliogeuka rangi kwa mafuta ya cherehani.

"Wifi," aliniambia, "kipande kingine anacho. Mume wangu hawezi kutupa uzi."

Nilijifanya sielewi. Alinitazama kama anavyowatazama wateja wanaodai nguo imerudi maji yenyewe. Basi nikanyanyuka, nikafungua droo ya dirisha namba tatu, na kweli, chini kabisa, ndani ya bahasha kuukuu ya tiketi, ilikuwepo ile nusu ya pili, nyeupe kama siku ilipokatwa.

Akanieleza. Siku ile ya miwani alikuja na uzi wake mkobani. Mimi nikigonga mihuri, yeye aliuweka kwenye tufe, akashika kwetu, akaupeleka kuelekea kwa mwanawe. Uliishia katikati ya bahari, alisema, na mwanawe hakai majini. Isitoshe yeye ni fundi. Mteja akileta kitambaa pungufu hulijua hilo kabla hajakikunjua.

Nilimuuliza, nikiwa nimekwisha kaa chini, sasa kwa nini amenyamaza miaka tisa. Aliinyoosha ile nusu nyeupe juu ya meza kwa ukucha.

"Sikula kwa sababu ya uzi," alisema. "Nilikula kwa sababu kuna mtu alikaa akafikiria namna ya kunisogezea mtoto."

Siku zile za mwanzo, alisema, ile nusu ndiyo aliyoweza kuibeba, ya pili ingemwangusha. Baadaye alipopata nguvu akamsubiri mumewe aseme mwenyewe, maana siri ya mtu haivunjwi, hungojwa ifunguliwe. Akangoja, akashona, akangoja. Lakini mwezi uliopita mjukuu alimuuliza kwenye simu kama bibi yake anaishi ndani ya simu. Fundi aliweka simu chini, akafungua fundo kwenye shingo ya cherehani, akatia uzi mkobani.

Hapo dirishani akaziunga zile nusu mbili kwa fundo dogo la kifundi ambalo usipoambiwa hulioni. Tukateremsha tufe. Likalia kama kawaida yake. Aliniambia nishike kwetu nisiachie, na nilishika, naye akauvuta uzi kwa utulivu ule ule wa mumewe, juu ya milima, juu ya jangwa lenye taa moja, juu ya barafu. Jua la saa nane lilikuwa sakafuni. Ulifika karibu kabisa. Fundo lilikuwa limekula kidogo, ukapungua upana wa ukucha. Nikamwambia kwa uaminifu wa kazi kwamba kwenye tufe hili upana huo ni kilomita mia nne.

Akasema hizo zilizobaki watatembea.

Mimi nililia, siwezi kuficha, na mteja aliyekuwa nyuma akadhani ndege imeghairiwa. Fundi hakulia. Alitoa vitambulisho viwili, chake na cha mumewe, akataka ile safari nzima, ndefu, ya saa kumi na nne. Kisha akanituma niandike yote humu. Nilimwambia niliapishwa. Akasema mumewe amestaafu kupima, na astaafu na kuficha, na kwamba akiyasoma mbele za watu hataweza kusema mwakani.

Kwa niaba ya madirisha yote, mhasibu, mlinzi na wafagiaji, na kwa niaba ya watu wasiohesabika wanaotembea mjini humu na nyuzi kwenye funguo zao, tunasema asante. Tulijifunza kwako kwamba hakuna mahali palipo mbali, pana namba tu, na mtu wa kukushikia upande wa pili. Tufe ni lako, bodi imeridhia. Lakini tunaomba utuachie mpaka utakaporudi, kwa sababu kesho asubuhi kuna watu watakuja, na watu kumi na mmoja tunajua la kuwafanyia.

Bwana Uzi, najua umefika hapa kabla ya wengine, unavyosoma kwa kidole. Inua macho. Fundi amekaa mstari wa mbele, na mapajani ana gauni la miaka saba ambalo bado halijapigwa pindo. Amekataa safari hii kusomewa vipimo. Ndani ya mkoba wake mna uzi mzima wenye fundo katikati, na tiketi mbili za keshokutwa. Kiti cha dirishani ni chake, wewe umepewa cha kati, na ameniomba nikuambie kwamba saa ya saba ikipita hatakutazama. Atakuwa amelala begani kwako, kinywa wazi.

Tunawatakia maisha mema, ya urefu wake wote, yasiyokunjwa. Nendeni salama. Huku kwetu tumeshika, na hatuachii.